Baridi Yabisi na Posa

Mzazi mmoja ametuuliza: je, yafaa kuivunja posa ya mwanawe kwa kuwa mama wa binti ana baridi yabisi ya viungo? Twajibu: haifai. Kweli, maradhi haya yana asili katika nasaba. Mwaka 1978 tabibu Peter Stastny wa Marekani alionyesha kuwa alama ya chembe za damu, HLA-DR4, huonekana zaidi kwa wagonjwa. Lakini hata kwa pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, wenziwe wanaougua ni kiasi cha 15 tu katika 100. Basi kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Sigara huizidisha hatari hiyo. Na iachwe sigara, asiachwe mchumba.