Wakili Kabla ya Fedha

Mwenye kununua nyumba Juba aghalabu huanza kwa kutazama bati, kuta na kisima. Akiridhika, huita wazee wawili wawe mashahidi, fedha huhesabiwa mezani, na wakili huitwa mwisho, aje kugonga muhuri tu. Huko ni kuanzia mkiani.

Kazi kubwa ya wakili ni kuuliza, fedha ingali mfukoni. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, watu wengi walirejea mjini kutoka Khartoum, Kenya na Uganda, na si haba waliokuta viwanja vyao vimekaliwa. Kuna viwanja vilivyopewa watu wawili, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri. Kwa hiyo wakili huenda kwanza kwenye masijala ya ardhi, iliyo chini ya mahakama, akatazame jina lililoandikwa, miaka iliyobaki katika hati ya kukodi kiwanja, na kama pana zuio au kesi. Barua ya chifu ina heshima yake, lakini haishiki nafasi ya usajili.

Kisha huuliza: mjane yuko wapi? Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika ibara ya 16, humpa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata fungu katika urithi wa mumewe pamoja na warithi wengine. Shemeji auzaye nyumba ya marehemu huku mjane na watoto hawana habari, humwuzia mnunuzi kesi.

Askari ana hatari yake ya peke yake. Hupelekwa Malakal au Wau kwa amri ya ghafula, akamwachia ndugu fedha amnunulie. Mwisho jina linaloingia masijala ni la ndugu. Wakili huandika hati ya uwakala inayotaja waziwazi kuwa nyumba ni ya askari na mkewe. Na yafaa isemwe bila kuficha: aliyeingia nyumba ya mwenziwe wakati wa vita hana cha kuuza, hata awe na nyota mabegani.

Mnunuzi na amtafute wakili wake mwenyewe, asiletewe na muuzaji, na ujira wake uandikwe mapema. Fedha ilipwe mbele yake, kwa stakabadhi, siku ya kuhamisha jina. Hati ikitoka, nakala moja ibaki kwa wakili, nyingine kwa mke nyumbani.