KOROSHO YETU ISIVUKE BAHARI NA GANDA LAKE

Ndugu wanachama, wapo watu wanaozunguka wakisema kwamba mkulima wa Chinongwe hawezi kuuza mali yake ng'ambo. Ati biashara hiyo ni ya wenye meli, wenye Kiingereza na wenye ofisi mjini; mkulima kazi yake ni jembe, gunia na kungojea mnada. Sisi tunayakataa maneno hayo, na twataka kuonyesha kwa hesabu kwamba ni uongo.

Mali ya Ruangwa na Nachingwea inauzwa ng'ambo siku nyingi. Korosho yetu huvuka bahari ikaenda India na Vietnam. Ufuta wetu hufika China. Soko basi lipo. Kisichopo ni mkono wetu katika soko hilo. Sehemu kubwa ya korosho huondoka na ganda lake. Wanaoibangua ni watu wengine, mshahara wa kubangua wanalipwa watoto wa watu wengine, hata mafuta ya ganda wanauza wao. Sisi tunaachiwa bei ya gunia.

Mtu akituambia kwamba hao wenzetu wamezaliwa na siri, tumwonyeshe Vietnam. Nchi hiyo haina korosho za kutosha viwanda vyake, hununua ghafi kutoka Afrika, na bado ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho iliyobanguliwa. Mikorosho iko kwetu, faida ya kubangua iko kwao. Je, hii ni haki, au ni usingizi?

Watu wa Nachingwea wameona mengi. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafa, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Ulipangwa London na watu wasioijua mvua yetu wala udongo wetu.

Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1970, nchi ilikopa fedha ikajenga viwanda vya kubangua korosho, kimoja hapo hapo Nachingwea. Lakini mavuno ya nchi, yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Wakulima walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ukaingia. Viwanda vikakosa korosho; vingine vikageuzwa maghala. Hapo hatuna mkoloni wa kumlaumu. Kiwanda kisichomsikiliza mkulima ni jumba tupu.

Tena tumekwisha kuona hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, na bei kwetu ikaanguka. Novemba 2018 wanunuzi wa korosho walipotoa bei ndogo, ilibidi Serikali iinunue yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, na askari wa Jeshi wakaisomba. Mwenye mteja mmoja hana mteja, ana bwana.

Sasa tufanye hesabu. Kontena moja la futi 20 hubeba makatoni 700 ya korosho iliyobanguliwa, kila katoni ratili 50, yaani karibu tani 16. Ili kupata kilo moja iliyobanguliwa huhitajiwa karibu kilo nne za ghafi. Basi kontena zima ni kama tani 60 za ghafi. Je, tani 60 ni mlima usiopandika kwa vyama vya msingi vikishikana mikono? Si mlima. Tena korosho ghafi ikitoka nchini hutozwa ushuru wa kuisafirisha. Sheria yenyewe inatuambia: bangueni kwanza!

Njia ya kuanza haina uchawi. Kwanza, chama kichague kitu kimoja, korosho iliyobanguliwa au ufuta uliosafishwa, kisishike kumi kwa pupa. Pili, mali iwe sawasawa: imekauka, haina sumukuvu, nzima zimetengwa na vipande, nyeupe zimetengwa na zilizoungua. Mnunuzi wa ng'ambo hununua daraja. Akikuta katoni la kwanza zuri na la kumi bovu, harudi tena. Tatu, karatasi. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, namba ya mlipa kodi itolewe na TRA, alama ya ubora ni ya TBS, cheti cha afya ya mimea ni cha TPHPA, cheti cha uasili wa bidhaa kinapatikana TCCIA, na kwa korosho kuna idhini ya Bodi ya Korosho pale Mtwara. Wakala wa forodha mwenye leseni ndiye anayepitisha mzigo bandarini. SIDO wapo kwa mafunzo na mashine ndogo, na TanTrade wapo kwa habari za masoko. Ofisi hizi zimewekwa kwa ajili ya wananchi. Twendeni tukazitumie, na anayetuzungusha tumtaje mkutanoni.

Nne, sampuli itangulie mzigo. Kilo chache zitumwe kwa wanunuzi wa nchi mbalimbali, na majirani zetu wa Afrika wasisahauliwe. Tano, mzigo usipakiwe kwa maneno matamu. Kwanza ipatikane ahadi ya malipo kutoka benki, na mkataba useme wazi nani analipa meli na nani analipa bima. Wengi wamelia kwa sababu ya mstari mmoja wa mkataba ambao hawakuusoma.

Lakini adui hayuko ng'ambo peke yake. Yupo mnunuzi wa kangomba anayekuja kijijini wakati wa njaa na kibakuli chake, akanunua korosho ikiwa bado mtini. Yupo ndugu yetu anayetia mchanga na mawe ndani ya gunia apate uzito. Huyo hamwibii Mhindi, anaiba jina la Chinongwe. Yupo na kiongozi wa chama cha ushirika anayefunga hesabu kabatini kama kwamba ni mali ya ukoo wake. Hao watatu wakiachwa, hata tukipewa mashine mia moja, hatutauza hata debe.

Kwa hiyo twasema: kila mwanachama aulize katika mkutano mkuu wa chama chake cha msingi. Msimu huu tutatenga magunia mangapi ya kubangua wenyewe? Nani ametumwa kujifunza? Cheti gani tumekwisha kupata, na kipi bado? Kiongozi asiye na jibu apewe muda, na muda ukipita apishe wengine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tani 60 zikitengwa, vijana wetu watapata kazi ya kubangua hapa hapa nyumbani, na katoni litashuka bandarini limeandikwa jina letu. Kazi hiyo ianze msimu huu.