Bunduki rahisi: Bei ni moja, gharama ni nyingine

Wahenga walinena kuwa rahisi ghali. Katika lugha yetu neno 'rahisi' lina maana mbili zinazoishi nyumba moja: kisicho na bei kubwa, na kisicho na ugumu. Mwanafunzi wa isimu ataniambia kuwa hilo si ajabu, kwani maneno mengi hubeba maana zaidi ya moja. Naam, lakini zipo bidhaa ambazo kuzichanganya maana hizo mbili kwaweza kumgharimu mtu uhai, na mojawapo ni bunduki.

Nchini Marekani, mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu aweza, katika majimbo mengi, kuingia dukani, akachunguzwa jina lake, na akatoka na bunduki ya jamii ya AK. Si ile ya kijeshi imiminayo risasi mfululizo, maana tangu 1986 sheria ya huko imezuia raia kuuziwa bunduki mpya za namna hiyo. Auziwayo hutoa risasi moja kila kifyatulio kivutwapo. Kwa kuwa viwanda ni vingi na fedha za mnunuzi ni chache, majarida ya silaha ya nchi hiyo huziweka bunduki za bei nafuu bega kwa bega na kuzilinganisha. Mimi si mwanajeshi wala mfanyabiashara wa silaha. Nimeisoma milinganisho hiyo kwa jicho la mwalimu wa lugha, nami naona kuwa ina jambo moja la kusifiwa na jingine la kulaumiwa.

La kusifiwa ni kwamba mlinganisho mzuri huanza kwa kulifumua jina. Sisi hapa Kenya huita kila sabuni ya unga 'Omo' na kila rangi ya viatu 'Kiwi', hata kama kiwanda ni kingine. Ndivyo ulimwengu ulivyolifanya jina la AK-47. Kwa hakika hilo ni jina la bunduki iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov na kupokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Mwaka 1959 ilifuatwa na AKM, ambayo mwili wake ni bati la chuma lililokunjwa na kufungwa kwa ribiti, na kwa hiyo ikawa nyepesi na rahisi kuiunda kwa wingi. Nyingi ya zile ziuzwazo leo kwa bei nafuu ni wajukuu wa AKM. Anayeuliza, "AK-47 ni bei gani?" hajauliza swali bado.

Tuchukue mifano mitatu. WASR-10 hutoka kiwanda cha Cugir, Romania. M70 hutoka kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac, Serbia. Ya tatu ni kundi la zile ziundwazo Marekani kwenyewe. Kwa macho, zote ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti imo ndani. Bati la M70 lina unene wa milimita 1.5, ilhali la AKM ya kawaida ni milimita 1. Basi M70 ni imara zaidi, lakini ni nzito zaidi, na kitako na mbao zake haziingiliani na za AKM, jambo ambalo mtafuta vipuri hulijua akiwa amekwisha kulipa. WASR-10 haina sifa ya urembo wala umaliziaji, lakini inatoka katika kiwanda kilichoziunda bunduki hizi kwa ajili ya jeshi kwa miongo kadhaa, na ndani ya mtutu wake mna kromu ya kuzuia kutu. Zastava, ambayo kwa miaka mingi haikuitia mitutu ya M70 kromu, siku hizi huitia.

Hata hivyo, swali kuu kuliko yote ni la mhunzi. Mbele ya mwili wa bunduki mna pande la chuma linaloushika mtutu, na komeo hujifungia humo risasi inapolipuka. Je, pande hilo limefuliwa kwa nyundo, au limesubiwa kwa kumiminwa kalibuni? Chuma kilichofuliwa hustahimili mapigo hayo. Kilichosubiwa vibaya huchakaa mapema, nafasi iliyo kati ya komeo na kitako cha risasi ikapanuka, na mlipuko ukaweza kumgeukia mwenye bunduki usoni. Baadhi ya bunduki za bei ya chini zilizoundwa Marekani zililaumiwa kwa kasoro hiyo. Ndiyo maana kampuni ya Palmetto State Armory, ilipotoa toleo lake liitwalo GF3, ilitangaza waziwazi kuwa pande hilo, komeo na kibeba-komeo vimefuliwa. Neno moja, 'kufua' au 'kusubu', lina uzito kuliko kurasa kumi za sifa. Mnunuzi asiyelijua neno hilo amenunua rangi na picha.

Hadi hapo nawavulia kofia waandishi wa milinganisho hiyo. Wanatumia istilahi kwa usahihi, hawahadaiwi na jina, na wanamtaka mnunuzi akumbuke hata bei ya risasi, ambayo ilipanda baada ya serikali ya Marekani kuzuia mwaka 2021 vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi.

La kulaumiwa ni hili: jedwali lao lina safu ya bei, ya uzito na ya uimara, lakini halina safu ya sababu. Kwa nini WASR-10 huingia Marekani ikiwa na nafasi ya kibweta chembamba cha risasi, kisha ikapanuliwa huko huko na kuwekewa vipande vya Kimarekani? Kwa nini 'bunduki ya Romania' si ya Romania kamili? Jibu ni kwamba sheria huzuia bunduki za namna hii kuletwa zikiwa kamili, na kanuni iliyotungwa baadaye huruhusu vipande visivyozidi 10 vya kigeni kati ya orodha ya vipande 20. Na sheria hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika uwanja wa shule.

Januari 17, 1989, mjini Stockton, California, mtu mmoja aliingia katika uwanja wa shule ya msingi ya Cleveland wakati wa mapumziko akiwa na bunduki ya jamii ya AK iliyoundwa China, ambayo alikuwa ameinunua dukani kihalali. Aliwaua watoto watano, wana wa wakimbizi kutoka Kambodia na Vietnam, na kuwajeruhi watu wapatao 30, kisha akajiua. Mwaka huo huo California ilitunga sheria yake na serikali ya Rais George Bush ikasimamisha uingizaji wa bunduki hizo kutoka nje. Kwa hiyo kila anayelinganisha leo ile ya Romania na ile ya Marekani, akapima tofauti ya dola mia moja au mbili, anaisoma, pasipo kujua, athari ya asubuhi ile. Watoto watano wamo ndani ya jedwali. Hawakuandikwa tu.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya Wamarekani. La hasha. Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji walibeba bunduki za jamii hii hii. Hizo hazikununuliwa dukani kwa kulinganisha majedwali, na sitaki kuyachanganya mambo mawili tofauti. Ninalosema ni kwamba sisi wa madarasani hatuwezi kulitaja jina hilo kama tutajavyo jina la sufuria.

Sidai kuwa kila Mmarekani anunuaye bunduki ni muuaji. Wengi hulenga shabaha, wakaifuta mafuta na kuifungia kabatini. Kwa mtu kama huyo, mlinganisho wa haki ungeongeza safu mbili: bei ya kabati lenye kufuli imara, na majina ya wote walalao nyumba ile. Hapo ndipo angejua gharama, na si bei peke yake.

Nanyi walimu wenzangu, mnapofunza insha ya kulinganisha, msiridhike mwanafunzi akiwapa tofauti tano na mifanano mitano. Mwulizeni ni safu ipi haikuandikwa, na ni nani aliyenufaika kwa kutoiandika. Kitu chaweza kuwa rahisi kukinunua na kikawa kigumu mno kukilipia.