Wasomi wetu waanze kwa kusoma mkataba wa ubia

KILA vyuo vikuu vinapofunga, vijana wa Chole, Mzenga na kata nyingine za Kisarawe hurudi nyumbani. Huwakuta wazazi wao wakihangaika na mihogo, mikorosho na mananasi, yaani yale yale yaliyowalipia ada kabla mkopo wa Bodi haujaonekana. Jioni, mazungumzo yakihamia barazani, wazee huwauliza: huu ubia wa Serikali na watu binafsi unaotangazwa redioni, nyie wasomi mnauonaje?

Majibu huwa mawili. Wapo wanaosema ubia ni kuiuza nchi kwa jina jipya. Wengine husema Serikali haina fedha za kujenga kila kitu, hivyo mwenye mtaji aje, ajira zitafuata. Mwaka 2023, suala la DP World na Bandari ya Dar es Salaam lilipojadiliwa nchi nzima, kambi hizo mbili zilionekana waziwazi.

Hatuwalaumu vijana kwa kutofautiana. Tunachosema ni kwamba kambi zote mbili zina upungufu mmoja: zinakubali au kukataa kabla ya kuusoma mkataba. Mkulima hawezi kufanya biashara kwa namna hiyo. Hata anayekodisha shamba la ekari mbili huuliza kwanza ni kwa misimu mingapi, na mvua ikikosekana nani atabeba hasara.

Ubia si sawa na ubinafsishaji wa kuuza mali moja kwa moja. Chini ya sheria ya ubia ya mwaka 2010, mtu binafsi hupewa kazi ya umma kwa muda maalumu, hutia mtaji au utaalamu, hubeba sehemu ya hatari, kisha hulipwa na watumiaji au na Serikali. Kwa hiyo uzuri au ubaya wake haumo katika neno "ubia". Umo katika masharti.

Mifano tunayo. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilianza kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam na sehemu za Kibaha na Bagamoyo, kwa mkataba wa miaka 10. Haikufika miaka miwili. Mei 2005 Serikali iliuvunja, ikisema kampuni imeshindwa kutimiza ahadi zake. Kesi zilizofuata ziliendelea hadi 2008. Serikali ilishinda moja. Katika nyingine ilionekana kuwa nayo ilikosea kwa namna ilivyoushughulikia mkataba, ingawa haikuamriwa kulipa fidia.

Mwaka 2007 reli ya kati ilikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Mwaka 2011 Serikali iliichukua tena. Msomi anayesema mwenye mtaji akija mambo yatakwenda yenyewe, aitazame mifano hiyo.

Lakini anayesema kila ubia ni wizi, naye aende Kilombero. Kiwanda cha sukari kilipochukuliwa na Illovo na wenzake mwaka 1998, Serikali ilibaki na asilimia 25 ya hisa, na wakulima wadogo wa miwa wakaendelea kuongezeka. Malalamiko ya bei na vipimo yapo hadi leo, ila soko nalo lipo.

Hapa Kisarawe kuna somo la karibu zaidi. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 katika vijiji 11 kwa ajili ya kilimo cha mibono. Mwaka 2011 kazi zilisimama na mamia ya vibarua wakabaki bila ajira. Huo haukuwa ubia kwa maana ya sheria; ulikuwa uwekezaji wa ardhi. Hata hivyo unafundisha jambo lile lile. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa kigeni hadi kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikishahama, mwekezaji akishindwa, hairudi kijijini yenyewe. Ni wanakijiji wangapi waliokuwa wameelezwa hivyo kabla ya kunyoosha mikono mkutanoni?

Hapo ndipo tunapomhitaji mwanafunzi wa chuo kikuu. Tunamtaka asaidie kujibu maswali matatu kabla watu hawajapiga kura. Kwanza, kila upande unaleta nini, na kimeandikwa wapi? Pili, hasara ikitokea, nani ataibeba? Tatu, mkataba ukivunjika, mali na ardhi vitarudi kwa nani, na kwa utaratibu gani?

Ni rai yetu kwamba vyuo viwape wanafunzi wa sheria, uchumi na kilimo nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri na vyama vya msingi vya ushirika. Halmashauri nazo zitoe muhtasari wa kila mradi wa ubia, uwe soko, stendi au ghala, kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe ofisi ya kijiji na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mfanyabiashara wa kizimba sokoni ana haki ya kujua ushuru wake utapanda lini na kwa nini.

Na nyie wazazi mnaotusoma, kijana akirudi likizo msimwulize tu kama anaupenda ubia au anauchukia. Mpeni karatasi aisome kwa sauti, kila mmoja asikie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ubia ni mkataba, na tumewasomesha vijana ili watusomee.