Afya ya Jamaa: Mlango wa Sukari na Chumvi

Akina mama wengi wamefundishwa zahanati kwamba mtoto akiharisha apewe maji yaliyotiwa sukari na chumvi. Lakini wachache wameelezwa sababu yake, na asiyejua sababu ni mwepesi wa kupunguza hiki na kuzidisha kile. Hebu leo tuitazame.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vijumba vidogo mno viitwavyo seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Tando 100,000 zikipangwa moja juu ya nyingine, unene wake hautimizi milimita moja! Tena utando huo ni wa mafuta. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Yakaenea mahali mara mbili ya upana wa seli zenyewe. Ndipo wakafahamu kwamba utando una tabaka mbili.

Sasa, kila mpishi anajua kwamba chumvi haiyeyuki katika samli. Itaupitaje basi utando wa mafuta? Ndani yake imo milango ya protini, na kila mlango una wageni wake. Katika matumbo uko mmoja ambao sukari na chumvi huingia pamoja. Moja ikikosekana, nyingine haipiti hapo. Zikiisha kuingia, maji huzifuata. Bwana Robert Crane wa Marekani aliueleza mlango huo mjini Prague mwaka 1960.

Sumu ya kipindupindu hufanya mlango mwingine ubaki wazi, na mwili humwaga chumvi na maji kama mtungi uliotoboka. Lakini ule wa sukari na chumvi hauharibiki. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliojaa Bongaon, nchini India, walishikwa na kipindupindu, na maji ya kutia mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wanyweshwe maji ya sukari na chumvi. Kambini walikuwa wakifa wagonjwa kama 30 katika kila 100. Kwa dawa hiyo hawakutimia 4.

Pakiti za zahanati ndizo bora, maana zimepimwa. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kujaa kilima. Mpe mtoto kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena. Usimwachishe ziwa. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, akalegea au akashindwa kunywa, mpeleke hospitali upesi, ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza. Na kabla ya kumpa, yaonje mwenyewe: yakizidi machozi kwa chumvi, yamwage.