Mkifunga Mtaa, Ulisheni

Kuna hoja ambayo wasee wa mitandaoni wanaipenda kila mlipuko wa ugonjwa ukitajwa: kwamba kufunga mtaa mmoja ni ubaguzi, kwa hivyo bora ifungwe nchi nzima tuumie pamoja. Inasikika kama haki. Mimi naikataa.

Kumbuka 2020. Kafyu ya nchi nzima ilianza Machi 27, wagonjwa wa korona waliothibitishwa Kenya hawajafika hata 40, wengi wao Nairobi na Pwani. Lakini mchungaji wa Marsabit na mama mboga wa Kitale wakaamriwa kujifungia saa moja jioni, sawa na mtu wa Westlands. Na hilo "pamoja" liko wapi? Kafyu haijamaliza wiki, risasi ya polisi ilimuua mtoto wa miaka 13 akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko. Runda walilala salama. Amri ilikuwa ya nchi nzima, rungu lilikuwa la mtaani.

Sasa, Mei 6 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akafunga Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku 15, kisha muda ukaongezwa hadi Juni 6. Hapa ndipo wenzangu huniambia, "Si unaona? Ni Wasomali na Waswahili tu." Na kweli ilinuka. Ilikuwa Ramadhani, watu wakafuturu nyuma ya vizuizi na Idd ikawakuta humo humo. Lakini ugonjwa ulikuwa unaenea pale, na nyumba za mtaa mmoja zinahesabika. Unaweza kuzipima, unaweza kuzipelekea unga. Ukifunga nchi nzima huwezi kulisha yeyote, na una kisingizio tayari: kila mtu anaumia, wewe ni nani ulalamike?

Kosa la Eastleigh ni kuchora mstari, kuweka askari, basi. Kesho yake watu walikuwa barabarani wakiandamana.

Nilikuwa nakaa Mathare, ng'ambo ya Juja Road. (Chuo kilikuwa kimefungwa. Kilipofunguliwa sikurudi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Kwenye ploti yetu kulikuwa na akina mama waliovuka kila asubuhi kwenda kufulia watu nguo Eastleigh, na vijana wa mkokoteni. Nyumba zao nje ya kizuizi, kazi zao ndani. Kwa karatasi, mtaa wao haukufungwa, kwa hivyo hakuna aliyekuja kuuliza wanakula nini.

Anayesaini amri ya kufunga aseme siku hiyo hiyo: chakula kinatoka wapi, kodi ya nyumba itakuwaje, nani yuko nje lakini riziki yake iko ndani, na maambukizi yakishuka hadi wapi ndio mtaa unafunguliwa. Asipoweza kujibu, huko si kufunga mtaa, ni kufungia watu.

Na afunge mapema, bwana. Mei 2021 kirusi cha Delta kilishagunduliwa Kisumu. Juni 1 sherehe za Madaraka zikapelekwa huko huko. Juni 18, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Wageni wa heshima walikuwa wamesharudi Nairobi, na bili ikaachiwa wauzaji wa Kibuye.