Fimbo ya Snuka Haiegemezwi Ukutani

Ndugu yangu mdogo hapa Eldoret alidunduliza akiba yake hadi akajinunulia fimbo ya snuka. Aliposafiri, aliniachia niitunze. Nami, kwa kutojua, niliiegemeza ukutani jikoni, hatua chache kutoka jiko la makaa. Aliporudi aliibiringisha juu ya meza, ikawa inayumba na kurukaruka. Imepinda! Hakusema neno, nami aibu ilinishika.

Kosa lilikuwa nini? Mbao, hata ikipakwa vanishi, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua la Januari hukausha, kisha mvua za Aprili huleta unyevunyevu. Upande mmoja ukikauka kuliko wa pili, fimbo hupinda. Na ikiegemezwa kwa muda mrefu, uzito wake wenyewe huivuta.

Basi ilaze mahali palipo sawasawa, ndani ya mfuko wake, mbali na moto na dirisha. Usiiache garini juani, wala darini chini ya mabati. Baada ya mchezo ipanguse jasho na chaki kwa kitambaa kikavu, maji yasiiguse. Isiyo na vanishi ipake mafuta ya kitani kidogo mara mojamoja, kisha uifute vizuri.

Ndugu yangu sasa anadunduliza tena. Safari hii nami ninachangia.

Tukutane Jumapili ijayo.